Nyasi Mbichi Mlangoni pa Mkunga

Sekei, Arusha
11 Aprili 1953

Shoga yangu Eunike,

Mama anaendeleaje? Mpe pole zangu, na mwambie yule Mzanzibari wako bado hajafa kwa baridi, ingawa baridi yenyewe inajitahidi. Ukimaliza likizo ya kumuuguza ukarudi kliniki, utanikuta nazalisha watu nimejifunika blanketi.

Nakuandikia kwa sababu jana niliingia chumbani, nikatia komeo, nikalia mpaka nikapata kwikwi, na hapa mjini sina mtu wa kumwambia. Wewe ndiye pekee unayenijua kwa jina, wengine wote mimi kwao ni Nesi.

Kliniki ilinituma Kijenge kumtazama mzazi, jina lake Namnyaki, mke wa Mwarusha mmoja aitwaye Lerionka anayevunja kokoto kwenye kazi ya barabara. Alijifungulia nyumbani, na jirani yake akaja kutuambia kuwa mtoto anatoa machozi mazito. Basi nikafunga mkoba, nikachukua mwavuli wangu, nikaenda.

Eunike, mie nimezaliwa Ng'ambo, si kwenye majumba ya matajiri. Umaskini naujua. Kwetu tulilala watoto kitanda kimoja, vichwa huku na miguu huku. Lakini umaskini wa kwetu una mlango, una jua, una jirani wa kumwomba chumvi. Huu wa Kijenge sikuwahi kuuona. Kibanda cha madebe yaliyopasuliwa, kimezibwa kwa majani makavu ya migomba, mvua inaingia itakavyo. Ndani giza na moshi. Mwanamke kalala juu ya ngozi, ngozi imelowa upande mmoja, blanketi moja, na ndani ya blanketi mtoto. Nikasimama na mkoba mkononi nikitafuta pahali pakavu pa kuuweka, nisipaone. Kusomeshwa kote kule, na sindano zangu na pamba yangu, nikashindwa na pa kuweka mkoba. Mfukoni nilikuwa na biskuti za kula njiani. Niliona haya kuzitoa, na nikaona haya kutozitoa.

Macho ya mtoto yamevimba, yamefumba, yanatoka usaha. Unaujua ugonjwa ule. Dawa isipowahi, macho hufa. Na dawa nilikuwa nayo, kichupa nimeshakitoa, ki mkononi. Ndipo akaja mumewe. Mrefu, kimya, vumbi la mawe mpaka kwenye kope. Hakunisalimu wala hakuniuliza kitu. Alininyang'anya mtoto, akanisukuma, nikaanguka kwenye matope na gauni langu jeupe, mbele ya watu wa Kijenge wote. Kichupa kikavunjika. Kina mama walicheka, nimewasikia kwa masikio yangu.

Na mwavuli wangu wamebaki nao. Sasa nimewajua, wale hawataki dawa, wanataka mwavuli. Nimemwambia Bwana Daktari kuwa mie sirudi. Wakitaka mtoto apone wamlete wenyewe, mlango wa kliniki u wazi.

Jioni sikula. Kila nikishika tonge naiona ile ngozi. Nina hasira nao na nina huruma nao, vyote viwili. Hebu niambie, nyinyi watu wa huku mna nini na wageni?

Ni mimi,
Zeyana binti Hemedi


Poli, juu ya Usa River
14 Aprili 1953

Dada Zeyana,

Barua yako nimeipata kwa mkono wa utingo wa basi, imelowa kidogo lakini inasomeka. Mama ameanza kuketi mwenyewe na leo amekunywa mtori bakuli zima. Anakusalimu na anasema usivue soksi.

Pole sana, dada. Nilipoisoma barua yako mara ya kwanza nililia nawe. Nilipoisoma tena nikaanza kukushuku, na naomba usinichukie.

Unasema ulikuwa ndani ya kibanda, gizani. Halafu unasema ulianguka matopeni mbele ya watu wa Kijenge wote. Watu wa Kijenge wote hawaenei kwenye kibanda kile. Kwa hiyo ulikuwa nje. Na kama alikunyang'anya mtoto, basi mtoto naye ulikuwa naye huko nje. Mimi ni Mmeru, Waarusha si ndugu zangu, na baba yangu alinionya nisiwaamini hata wakinikaribisha maziwa. Lakini sijasikia Mwarusha akimsukuma mkunga bure. Mkunga kwao ni mama. Kuna jambo hukuniandikia.

Unauliza tuna nini na wageni. Mwaka juzi walifika watu Ngare Nanyuki, wamevaa vizuri, wanasema kwa upole, wana mikoba kama wako. Baadaye shangazi yangu aliondolewa kwenye ardhi yake na nyumba ikachomwa moto huku anaitazama. Tangu hapo mtu akija na mkoba, hatuulizi umebeba nini, tunauliza nani amemtuma. Waarusha nao wamebanwa pande zote na mashamba ya wazungu, ndiyo maana Lerionka yuko Kijenge anavunja kokoto wakati baba yake alikuwa na migomba yake. Usiwapime watu hao kwa mwavuli.

Hayo yote yanaweza kungoja. Macho ya mtoto hayangoji. Tafadhali rudi. Nenda na Sadoki, mwinjilisti wa pale Kijenge, ni mtu mwema na Kimaa, lugha ya Waarusha, ndiyo lugha ya mama yake. Ningekuja mwenyewe lakini mama bado hawezi kuachwa.

Unijibu, na safari hii niandikie yote.

Mdogo wako,
Eunike


Sekei
16 Aprili 1953

Eunike,

Umenisoma kama askari wa upelelezi. Haya, ndiyo, nilimtoa nje. Ndani giza totoro, ningeyaona vipi macho? Nilimchukua kwa mama yake nikatoka naye kwenye mwanga, hapo hapo mlangoni. Mama yake akawa ananiita kwa Kimaa, na mie Kimaa sikijui. Ndivyo tulivyofundishwa, mgonjwa wa macho mtazame mwangani. Kosa liko wapi?

Na hata kama kosa lipo, sikiliza kwanza alilonitendea yule bwana baada ya hapo, halafu ndiyo uniambie nirudi.

Jumapili asubuhi nafungua mlango nikateke maji, nakuta kizingitini fungu la nyasi mbichi. Zimeng'olewa saa ile, zina umande. Nikazifagia, nikasema labda ni watoto. Jumatatu nakuta nyingine, na safari hii mwenyewe yupo. Lerionka, amesimama ng'ambo ya mfereji, nyasi mkononi, ananitazama. Nikamuuliza, wataka nini? Akainua mkono wenye nyasi, basi, neno hakusema. Eunike, kwetu kitu kikiwekwa kizingitini hakiwekwi kwa mapenzi, hata mtoto mdogo anajua. Nikasoma dua zote alizonifundisha bibi yangu. Kisha nikazichukua zile nyasi nikazitia kwenye jiko la mkaa, pale pale uani, yeye anatazama. Nilitaka aone. Uso ukambadilika, nami nikajua nimempata.

Jumanne akaja. Jana akaja tena, akavuka mfereji, akafika mpaka mlangoni, akainama, akawa anataka kunitia zile nyasi mkononi kwa nguvu. Nikapiga ukelele. Jirani yangu, yule karani wa Kinyasa, akatoka na bakora, akamwita askari. Bwana huyo sasa yuko rumande. Karani anasema watu kama hao huanza na majani na kumaliza na sime. Sijui, lakini leo nimekunywa chai yangu kwa raha kwa mara ya kwanza wiki hii.

Umetaka yote, hayo ndiyo yote. Mtoto hajaletwa. Kila asubuhi nikifika kliniki naulizia, hajaletwa. Basi yakimharibikia macho wasimlaumu mtu.

Zeyana


Poli
17 Aprili 1953

Dada Zeyana,

Naandika nimesimama. Kaka yangu Aminieli anashuka mjini na lori la ndizi, na nimemwambia asimpe mtu mwingine barua hii ila wewe.

Zile nyasi si uchawi. Mwarusha akimkosea mtu, anashika nyasi mbichi mbele yake, na maana yake ni kuomba radhi. Haanzi yeye kusema. Maneno yanakuja baadaye, ukishapokea. Sisi Wameru tunapeleka jani la sale, na aliyepelekewa sale hakatai hata kama ameuliwa ng'ombe wake. Wewe umeletewa radhi mpaka mlangoni, siku baada ya siku, ukaichoma mwenye kuomba akiangalia. Halafu ukamfunga.

Na fikiri alikuwa anaitafutia nini hiyo radhi. Mtoto mchanga wa kwao hatolewi nje kabla ya siku yake, sembuse na mtu baki. Mama anakaa naye ndani, wanawake wa nyumbani ndio wanaoingia. Yeye alitoka kazini akakuta mgeni amesimama nje na mwanawe, mama mtu anapiga kelele ndani. Alikusukuma. Baadaye akatambua amemwekea mkono mkunga, na macho ya mtoto yanazidi. Kumleta kliniki hawezi, kwa kuwa siku ya mtoto kutoka nje haijafika. Kukuita urudi hawezi, mpaka umsamehe. Amebaki na njia moja tu, na njia hiyo inapita mlangoni kwako.

Alikuwa anakuita kwa mtoto, Zeyana. Tangu Jumapili alikuwa anakuita.

Usikae kunijibu. Nenda ukamtoe, mwende wote Kijenge. Dawa ubebe chupa mbili.

Eunike


Sekei
24 Aprili 1953

Shoga yangu,

Aminieli alinikuta kliniki nakunja bandeji. Niliisoma barua yako wima, kisha nikakaa sakafuni mbele ya wagonjwa.

Kituoni polisi, yule askari wa mapokezi alinicheka. "Juzi mchawi, bibi, leo ndugu?" Nikamwambia nilikosea, akataka nirudie ili mwenzake asikie, nikarudia. Nilistahili. Wakati wanamtoa Lerionka, mie niko uani sijui nitasema nini na lugha yake siijui, nikaona nyasi zimeota chini ya mlingoti wa bendera. Nikazing'oa. Askari akanifokea kwamba naharibu bustani ya serikali. Lerionka alizitazama zile nyasi muda mrefu, nikadhani atanitemea mate. Kisha akazipokea. Akaanza kutembea kwa haraka kuelekea Kijenge, na mie nyuma yake nakimbia na mkoba, na mji mzima unatutazama. Njiani tulipita pale wanapovunja kokoto. Nyundo yake ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine.

Mwavuli wangu niliukuta. Wameufunga kwenye dari kwa kamba za migomba, juu ya ile ngozi, pale panapovuja. Chini yake ndipo alipolala mtoto. Namnyaki aliponiona alianza kuufungua ili anirudishie, nikamshika mkono.

Tangu siku hiyo niko kule kila saa ninayoipata. Bwana Daktari alinung'unika, nikamwambia akate mshahara. Nachemsha maji, naosha, natia matone, nangoja, naosha tena. Sadoki huja jioni kutufasiria, na asipokuwepo tunaonyeshana kwa mikono. Tunafanya kazi humo humo ndani kwa mwanga wa kibatari, na kumbe unatosha kabisa. Hilo ndilo linalonichoma. Ungenitosha hata siku ya kwanza.

Jicho la kulia limefunguka. Jana lilifuata kibatari kutoka huku mpaka kule, nikacheka peke yangu kama mwehu. La kushoto limekufa, Eunike. Lina ukungu mweupe, na Bwana Daktari niliyemleta aliangalia mara moja tu akatikisa kichwa. Aliniambia kwa Kiingereza, wao hawakusikia. Aliniambia pia kwamba lingewahiwa zile siku za mwanzo, huenda lingepona.

Bado sijawaambia. Namnyaki ananiuliza kila siku, na Sadoki anafasiri: "La kushoto litafunguka lini?" Nami nasema tungoje. Amenisogezea kigoda karibu na moto. Kibuyu cha maziwa wanachopewa na jirani, ananipa mie kwanza, yeye anayenyonyesha. Walipokuwa wananishuku nilijua pa kuiweka hasira yangu. Sasa wananiamini na siwezi kumeza yale maziwa.

Nikiwaambia watanifukuza, na jicho la kulia bado linahitaji dawa. Naogopa kuliacha katikati. Nakuomba uje, hata kwa siku moja, umwambie wewe. Wewe unajua kusema na watu wa huku.

Zeyana


Poli
28 Aprili 1953

Dada Zeyana,

Mama sasa anatembea mpaka jikoni, kwa hiyo ningeweza kuja. Siji.

Nikija mimi kusema, la kwanza watakalojiuliza ni kwa nini ameletwa Mmeru. Watatafuta kuna nini nyuma yake, na watakuwa na haki. Mimi mwenyewe ningetafuta.

Na nakushuku tena, dada yangu, unisamehe kwa mara ya pili. Unasema unaogopa dawa itakatika. Sidhani hilo ndilo unaloogopa. Mfundishe Namnyaki kuosha macho na kutia matone kwa mkono wake. Ni mama, atajua kuliko sisi. Akishajua, umwachie chupa. Hapo hata wakikufukuza dawa itaendelea, nawe hutakuwa na kisingizio tena. Kisha umwambie, na usimwambie nusu. Mwambie na habari ya Jumapili, na ya jiko la mkaa.

Najua ni rahisi kuandika nikiwa huku, nimekaa, nakula ndizi. Lakini angekuwa mtoto wangu, mimi ningetaka kuambiwa na wewe.

Nakuombea.

Eunike


Sekei
4 Mei 1953

Shoga yangu Eunike,

Nimemwambia.

Nilimfundisha kwanza, kama ulivyosema. Mkono wake ni mwepesi kuliko wangu, mtoto halii hata kidogo. Nikaweka chupa zote mbili karibu na kichwa chake. Nikamngoja Sadoki, na Lerionka alikuwepo, ameketi karibu na mlango. Amepata kazi ya kupasua kuni kwa Mhindi mmoja, lakini si kila siku.

Nilisema jicho la kushoto halitafunguka. Sadoki akaanza kuzungusha maneno, nikamwambia asilainishe. Nikasema dawa nilikuwa nayo, na mumeo alikuja kuniita, na mie nikazichoma nyasi zake, nikamfungisha, na siku hizo ndizo zilizolila jicho. Nikasema hata siku ya kwanza ningeweza kumtibu humo humo ndani kama ningekusikiliza ulipokuwa unaniita. Sadoki alifasiri anatazama chini. Lerionka aliinuka akatoka nje, na mie nikaanza kukusanya vitu vyangu.

Namnyaki akasema neno. Sadoki akamwomba arudie, kisha akanigeukia. "Anasema anajua."

Anajua tangu mumewe yuko rumande. Alikuwa akilala na mtoto peke yake, akampitishia kijinga cha moto mbele ya macho. La kulia lilitetema chini ya kope. La kushoto halikutikisika. Alijua kabla sijarudi, Eunike, siku ile nilipofika nakimbia na mkoba alikuwa ameshajua.

Nikamwuliza, mbona basi kila siku uliniuliza litafunguka lini? Alimgeuza kwanza mtoto titi la pili. Kisha akasema maneno marefu, na Sadoki alinipa yote, nami nakuandikia yote. Alisema: "Sikujua wewe ni mtu gani. Nikasema moyoni, kama atanidanganya juu ya jicho lililokufa, atanidanganya na juu ya lililo hai. Siku ambayo ungeniambia kesho litafunguka, ningekutoa humu ndani. Wewe ulisema tungoje. Basi na mimi nikangoja."

Hakusema amenisamehe, na mie sikumwuliza. Sadoki akaaga akaenda zake. Nilibaki nimesimama na mkoba, sijui kama nimefukuzwa au la. Namnyaki akamfunika mtoto vizuri, akanipa nimpakate, akageukia ukutani, akalala. Alilala usingizi mzito wa mtu ambaye hakuwa amelala tangu ajifungue. Nikakaa naye mtoto pale ndani, yuko macho, ananitazama kwa lile moja, mpaka Lerionka aliporudi na kuni.

Wako,
Zeyana